Kikohozi cha Makohozi Kisichoisha Baada ya TB: Mwongozo Kamili wa Kuchunguza Bronkiektasisi kwa Eksirei na CT Scan

Mgonjwa alimaliza dozi ya TB miaka kadhaa iliyopita, makohozi yakapimwa, akaambiwa amepona. Kweli alipona. Ila kikohozi hakikumwacha. Kila akiamka anatoa makohozi mazito ya njano au ya kijani, mara mbili tatu kwa mwaka anashikwa na homa na kifua kinambana, na siku nyingine anaona michirizi ya damu. Akienda kituo cha afya anapigwa eksirei, picha inaonyesha makovu sehemu ya juu ya pafu, na kwa ajili ya makovu hayo anaanzishiwa dawa za TB upya. Anazimeza miezi sita, kikohozi kiko palepale.

Mgonjwa wa namna hii mara nyingi ana bronkiektasisi: mirija ya hewa ndani ya mapafu imetanuka na hairudi tena katika upana wake wa kawaida. Makohozi yanatuama humo, bakteria wanazaliana, kuta zinazidi kuharibika, mirija inazidi kutanuka. Ugonjwa huu unadhibitika kwa mazoezi ya kutoa makohozi, antibiotiki zilizochaguliwa vizuri na chanjo, lakini sharti kwanza ujulikane. Kusikiliza kifua kunaweza kuleta shuku tu. Uthibitisho unatoka kwenye picha, na picha yenyewe sharti iwe imepigwa inavyotakiwa. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zote zilikuwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB, kwa hiyo watu waliobaki na mapafu yenye makovu wako kila mtaa. Mwongozo huu ni wa mgonjwa, anayemuuguza, na mhudumu wa zahanati anayetaka kujua amwandikie nani rufaa na aandike nini kwenye fomu.

Hatua ya 1: Jua nani anahitaji kuchunguzwa

Bronkiektasisi haitafutwi kwa kuwapanga foleni watu wazima wenye afya na kuwapitisha kwenye CT scan. Mionzi na gharama haviruhusu, na hakuna faida iliyothibitishwa. Wanaotafutwa ni wenye dalili au historia inayoleta shuku.

Dalili kuu ni kikohozi chenye makohozi kilichozidi wiki 8 kwa mtu mzima. Shuku inapanda zaidi akiwa aliwahi kuugua TB, au utotoni aliugua surua kali, kifaduro au nimonia iliyomlaza hospitalini. Wengine wa kufikiriwa ni wanaoishi na VVU wenye kikohozi cha makohozi cha muda mrefu, wenye baridi yabisi ya viungo ambao kifua kinawasumbua mara kwa mara, wenye pumu isiyotulia licha ya dawa kutumika ipasavyo, na wenye ugonjwa wa mapafu wa kuziba njia za hewa ambao makohozi yao yameotesha bakteria aitwaye Pseudomonas.

Kwa mtoto tusisubiri wiki 8. Kikohozi chenye majimaji kifuani kila siku kwa zaidi ya wiki 4 kinahitaji kushughulikiwa. Kama antibiotiki sahihi za jumla ya wiki 4 hazikukitoa, hapo ndipo CT scan inapozungumzwa. Muulize mama pia kama mtoto aliwahi kupaliwa na karanga, punje ya mahindi au mbegu. Kitu kilichokwama kwenye mrija kinaweza kukaa miezi bila mtu kukijua, na sehemu ya pafu iliyo nyuma yake ikaharibika.

Kukohoa damu kuna utaratibu wake. Michirizi ni sababu ya kwenda kliniki mapema. Damu nyingi inayotoka yenyewe ni dharura: mgonjwa apelekwe hospitali papo hapo, na kama upande unaotoa damu unajulikana, alale kwa upande huohuo ili pafu la upande wa pili, lisilotoa damu, lisijae damu.

Hatua ya 2: TB ya sasa itafutwe kwenye makohozi

Hatua hii ndiyo inayorukwa sana, na kurukwa kwake kunawagharimu wagonjwa dawa wasizohitaji. Kovu kwenye eksirei halisemi kama TB ni ya leo au ya miaka kumi iliyopita. Makohozi yapelekwe kwenye GeneXpert, mashine ya maabara inayotafuta kimelea cha TB.

Hata majibu ya GeneXpert yasomwe kwa akili. Mashine inatafuta chembe za urithi za kimelea, na chembe hizo zinaweza kutoka kwa vimelea waliokwisha kufa. Mtu aliyetibiwa TB ndani ya miaka 5 iliyopita, akipata jibu la kiwango cha chini kabisa cha vimelea, hapaswi kuanzishiwa dawa kwa jibu hilo peke yake. Makohozi yaoteshwe maabara, kwa kuwa kuotesha ndiko kunakoonyesha kama kimelea yu hai, na daktari aangalie hali ya mgonjwa kwa ujumla. Kuotesha kunachukua wiki kadhaa. Mgonjwa aelezwe hivyo mapema ili asidhani amesahauliwa.

Wakati huohuo achunguzwe VVU kama hajui hali yake.

Hatua ya 3: Eksirei ya kifua, na mipaka yake

Anza na eksirei. Inapatikana karibu, ni nafuu, na mionzi yake ni kidogo sana, kama milisiverti (kipimo cha dozi ya mionzi) 0.1 au pungufu, wakati mazingira ya kawaida tu humpa mtu wastani wa milisiverti 2.4 kwa mwaka. Ipigwe mgonjwa akiwa amesimama, kifua kimegusa bamba, pumzi imevutwa mpaka mwisho.

Kwenye picha, daktari anatafuta mistari miwili myeupe inayokwenda sambamba bila kukaribiana, yaani reli. Hizo ni kuta za mrija ulionenepa. Anatafuta pia viduara vyenye hewa ndani, wakati mwingine na usawa wa majimaji chini yake, na sehemu ya pafu iliyosinyaa ikavuta koo la hewa au moyo upande mmoja.

Sasa jambo la kushika sana: eksirei inaweza kuonekana safi na mgonjwa akawa na bronkiektasisi. Ugonjwa wa kiwango kidogo hadi cha kati unajificha nyuma ya moyo, nyuma ya kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo), na ndani ya vivuli vya mishipa. Ukiambiwa "picha ni safi" na bado unatoa makohozi kila siku, uchunguzi haujaisha.

Upande wa pili, magari na vituo vingi vya kutafuta TB sasa vina eksirei ya kidijitali yenye programu ya kompyuta inayotoa alama ya uwezekano wa TB. Shirika la Afya Duniani liliikubali mwaka 2021 kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Ni msaada mkubwa, lakini programu hiyo imefunzwa kutafuta TB, na makovu ya zamani yanaweza kupandisha alama vilevile. Mtu mwenye alama ya juu, GeneXpert haina kimelea, na makohozi yanaendelea, asirudishwe nyumbani na karatasi ya "hana TB". Huyo ndiye hasa wa kuandikiwa CT scan.

Hatua ya 4: Andika ombi la CT scan inavyotakiwa

Zamani mirija ilionekana kwa kumwingizia mgonjwa mafuta yenye aidini mapafuni kisha kumpiga eksirei, njia iliyoanzishwa Ufaransa na madaktari Sicard na Forestier mwaka 1922. Ilikuwa kazi ya kumtesa mgonjwa. CT scan iliiondoa, na leo ndiyo kipimo kinachothibitisha bronkiektasisi. Mashine zipo katika hospitali za rufaa za mikoa Tanzania na hospitali nyingi kubwa za kaunti Kenya, mbali na hospitali za taifa na za binafsi.

Tatizo linatokea kwenye fomu. Daktari akiandika "CT kifua" tu, idara inaweza kupiga vipande vinene vya milimita 5 kwa dawa ya kontrasti (inayodungwa mshipani ili mishipa ionekane wazi), kama inavyofanya kwa uvimbe. Kipande cha milimita 5 kinameza mrija wenye upana wa milimita 2 usionekane vizuri. Na kontrasti haihitajiki kwa swali hili: hewa na ukuta wa mrija vinatofautiana vyenyewe. Kontrasti inahitajika kama mgonjwa anakohoa damu nyingi na madaktari wanataka kuiona mishipa ya kuzibwa, au kama kuna shuku ya uvimbe au ya damu iliyoganda kwenye mishipa ya mapafu.

Maneno ya fomu yawe karibu na haya: "CT ya kifua bila kontrasti, vipande vya milimita 1 au chini, pumzi kamili, dozi ndogo kama inawezekana. Swali: je, kuna bronkiektasisi, iko sehemu zipi, kuna dalili ya kuvu au TB hai? Historia: TB ilitibiwa mwaka fulani, kikohozi cha makohozi muda fulani, GeneXpert ya tarehe fulani haina kimelea." Kama kuna shuku ya hewa kunaswa kwenye mirija midogo, iongezwe seti fupi ya picha mgonjwa akiwa ametoa pumzi. Kama kwenye kovu la TB kuna pango lenye kitu ndani yake, kupiga picha chache mgonjwa akiwa amelala kifudifudi kunasaidia: donge la kuvu husogea ndani ya pango mgonjwa anapogeuka, uvimbe wa ukutani hausogei.

Kuhusu muda: kipimo kifanywe mgonjwa akiwa ametulia. Nimonia inaweza kuitanua mirija kwa muda, na utanuzi huo ukaondoka wenyewe wiki au miezi baadaye. Ukipiga CT katikati ya homa unaweza kumpa mtu jina la ugonjwa wa kudumu asiokuwa nao. Isipokuwa kuna dharura, subiri angalau wiki 6 baada ya maambukizi makali kupona.

Dozi ya CT ya kawaida ya kifua ni kama milisiverti 5 hadi 7, na ya dozi ndogo ni 1 hadi 2. Mama mjamzito, au anayedhani huenda ni mjamzito, aseme kabla ya kuingia chumbani.

Hatua ya 5: Siku ya kipimo

Hakuna haja ya kufunga kula kama hakuna kontrasti. Asubuhi hiyo toa makohozi yote unayoweza kabla ya kutoka nyumbani, na rudia ukiwa kwenye benchi la kusubiri. Sababu ni moja: ukipata kikohozi katikati ya kupigwa picha, kipimo kinaharibika. Vua mkufu, sidiria yenye chuma, na shanga za nywele zinazoshuka hadi mabegani. Beba eksirei na CT zote za zamani, pamoja na kadi ya TB.

Utalala chali, mikono juu ya kichwa. Mtaalamu wa mionzi atakuamuru kupitia spika: vuta pumzi, ishike. Hapo ndipo ubora wa kipimo kizima unapoamuliwa. Vuta taratibu mpaka mapafu yajae kabisa, kisha usimeze mate, usisogeze hata bega, kwa sekunde 5 hadi 10. Ninawasihi wahudumu wenzangu wamfanyishe mgonjwa mazoezi ya pumzi hiyo mara mbili tatu kabla ya kuwasha mashine. Mgonjwa asiyeelewa lugha ya amri, mzee asiyesikia vizuri, mtu mwenye kifua kinachobana, wote wakifundishwa kwa dakika mbili wanaweza. Wasipofundishwa, picha inatoka na ukungu na mtu analipia kipimo kisichojibu swali.

Kabla ya kuondoka, omba picha kwenye CD au flashi. Filamu iliyochapishwa pekee haitoshi, maana inabeba vipande vichache tu. Kama ripoti itasema vipande vilikuwa vinene, rudi idarani mapema uulize kama wanaweza kuvitengeneza upya vyembamba kutoka kwenye data ya mashine. Data hiyo haikai muda mrefu kabla ya kufutwa.

Hatua ya 6: Picha inasomwaje

Kazi hii ni ya daktari bingwa wa radiolojia, lakini mgonjwa na mhudumu wanafaidika kujua anachokitafuta.

Katika pafu lenye afya, kila mrija wa hewa unaongozana na ateri iliyo karibu sawa nayo kwa ukubwa. Ukikata picha kwa upana unaona viduara viwili: cheusi cha hewa na cheupe cha damu. Kigezo cha kwanza ni uwiano wao. Upana wa ndani wa mrija, kuta zisihesabiwe, ukizidi upana wa ateri yake, uwiano umevuka 1. Mrija wa milimita 6 kando ya ateri ya milimita 3 una uwiano wa 2, na hapo picha inafanana na pete yenye kito, jina ambalo madaktari wa radiolojia wanalitumia kweli. Mrija uliokatwa kimshazari unaonekana kama yai, kwa hiyo upimwe kwa upana wake mfupi.

Kigezo cha pili: mrija haupungui. Wa kawaida huwa mwembamba kadiri unavyoelekea pembeni. Ulioharibika unaendelea na upana uleule baada ya kugawanyika, au unavimba mbele zaidi. Vipande vyembamba vinavyopangwa upya kwa urefu ndivyo vinavyoonyesha hili vizuri, na kwa maoni yangu ndicho kigezo cha kuaminika kuliko vyote ugonjwa ukiwa mdogo.

Cha tatu: mrija unaonekana mahali ambapo haupaswi kuonekana, ndani ya sentimita 1 kutoka utando wa pafu upande wa mbavu, au ukiwa unaugusa utando wa upande wa katikati ya kifua.

Kigezo kimoja kinatosha kusema mirija imetanuka. Hakitoshi kusema mtu ni mgonjwa. Makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2022 kwa watu wazima yanataka pamoja na picha, walau mambo mawili kati ya matatu: kikohozi siku nyingi za wiki, makohozi siku nyingi za wiki, na historia ya vipindi vya kuzidiwa.

Tahadhari hiyo ina uzito wa pekee kwetu. Anayeishi mahali pa juu ana oksijeni kidogo kwenye hewa, ateri za mapafu zinajibana na mirija inatanuka kidogo, hivyo uwiano wake unapanda bila ugonjwa wowote. Ulinganisho uliofanywa kwa wakazi wa Denver, Marekani, jiji lililo mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ulionyesha hivyo. Nairobi na Mbeya ziko kati ya mita 1,700 na 1,800 hivi, Eldoret kama 2,100. Uwiano wa 1.1 pekee, bila dalili, kwa mkazi wa Eldoret, usimfanye mtu mgonjwa. Umri nao unapandisha uwiano, hasa baada ya miaka 65. Kwa mtoto hali ni kinyume: mirija yake ni myembamba zaidi kwa kawaida, ndiyo maana kikomo chake ni 0.8, na kutumia kikomo cha mtu mzima kutawaficha watoto wagonjwa.

Kuna na mitego mingine. Mapigo ya moyo yanaweza kurudufisha kivuli cha mshipa katika pafu la kushoto chini, ikaonekana kama reli. Na pafu lenye kovu la kukakamaa huvuta mirija ikatanuka: hiyo ni athari ya kovu, na matibabu yake yanafuata ugonjwa ulioleta kovu. Makovu ya TB yanaweza kuleta yote mawili kwa mtu mmoja.

Ripoti nzuri itataja pia unene wa kuta, makohozi yaliyoziba mirija, vitawi vidogo vyenye machipukizi vinavyoashiria maambukizi kwenye mirija midogo, na maeneo meusi yaliyonasa hewa. Umbo nalo linatajwa kwa mpangilio wa mtaalamu wa patholojia Lynne Reid wa mwaka 1950: mrija ulionyooka kama bomba, wenye vibonyeo, au uliovimba kuwa vifuko. Kupima ukubwa, wengi wanatumia alama ya Reiff: mapafu hugawanywa sehemu sita, lingula (kipande kama ulimi cha sehemu ya juu ya pafu la kushoto) ikihesabiwa peke yake, kila sehemu inapewa 0 hadi 3 kulingana na umbo hilo, jumla ya juu kabisa ni 18.

Hatua ya 7: Mahali palipoharibika panaelekeza kwenye chanzo

Muulize daktari swali hili waziwazi: ugonjwa uko wapi? Sehemu za juu, zikiwa na makovu na chembe za chokaa, huelekeza kwenye TB ya zamani. Sehemu za chini pande zote mbili hufuata nimonia za utotoni, upungufu wa kinga au chakula kuingia njia ya hewa. Sehemu ya kati ya pafu la kulia pamoja na lingula, hasa kwa mama mtu mzima, huleta shuku ya vimelea wa jamii ya TB wasio TB yenyewe, ambao kwa hadubini wanaonekana sawasawa na wa TB. Mirija mikubwa ya katikati kwa mwenye pumu huelekeza kwenye mzio wa kuvu wa Aspergillus. Sehemu moja tu ya pafu: tafuta kitu kilichokwama, tezi iliyoubana mrija au uvimbe, na mara nyingi bronkoskopi (kuingiza kamera nyembamba kwenye njia ya hewa) itahitajika. Moyo ukiwa upande wa kulia, fikiria ugonjwa wa kuzaliwa wa vinyweleo vya njia ya hewa.

Kisha vipimo vya kukamilisha: makohozi yaoteshwe kwa bakteria wa kawaida na kwa jamii yote ya TB, damu ipimwe picha kamili na kingamwili, kingamwili za Aspergillus zipimwe, na mgonjwa apulize spirometria, kipimo cha uwezo wa mapafu kutoa hewa. Donge la kuvu ndani ya pango la zamani la TB lisisahauliwe. Linaleta kikohozi, kukonda na damu, na mgonjwa wake ni mmoja wa wale wanaomezeshwa dawa za TB bure.

Hatua ya 8: Lini kupiga picha tena

CT ya kila mwaka kwa mtu aliyetulia haina sababu. Maendeleo yake yafuatwe kwa idadi ya vipindi vya kuzidiwa, rangi na wingi wa makohozi, na spirometria. Irudiwe kwa dozi ndogo iwapo hali inabadilika bila maelezo: damu inaanza au kuongezeka, uzito unashuka, vipindi vya kuzidiwa vinakaribiana, antibiotiki zilizokuwa zikifanya kazi hazifanyi tena, au kuna mpango wa kukata sehemu ya pafu. Nenda na CD ya kwanza, na umwombe daktari wa radiolojia alinganishe picha kwa picha, kisha aandike ndani ya ripoti amelinganisha na kipimo cha tarehe gani.